Tofali Lisilo na Uzito



Nyumba ya katekista wa kigango chetu hapa Kiwangwa ilisimama usawa wa madirisha kwa muda wa mwaka 1 na miezi 3, tangu Septemba 2023 hata Desemba 2024. Wapitao njia iendayo Msata walidhani ya kuwa fedha zimekwisha. Haikuwa hivyo. Saruji ilikuwapo, mchanga ulikuwapo, na matofali yalikuwa yamepangwa chini ya mwembe hata yakaota ukungu wa kijani. Aliyekosekana ni fundi, naye alikosekana kwa sababu yangu mimi. Leo nataka kuwasimulia jinsi kazi ile ilivyopata kuendelea, na jinsi nilivyosaidiwa na kitu ambacho kwa miaka mingi nalikuwa nikikikataza darasani, yaani mchezo wa kompyuta.

Kwanza sharti nieleze kosa lenyewe. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi. Fundi ni rafiki yangu tangu utoto. Twalipokea Kipaimara siku moja, tukalima mananasi shamba kwa shamba. Alikuwa akijenga nyumba ile kwa ujira mdogo sana, kwa kuwa ni kazi ya Kanisa. Siku moja akapata habari ya msiba huko Lugoba, akaenda kuzika, akakaa siku 3. Nami siku ya pili nikapita pale penye kazi, nikaona ya kuwa dirisha kubwa la sebule amelielekeza upande wa kaskazini, kwenye vichaka. Nikasema moyoni, "Katekista ni mtu wa watu, dirisha lake lapasa kutazama njia, apate kuwaona wageni wajapo." Basi nikawaita vijana 2, nikawaamuru waubomoe ukuta wa kusini-mashariki kiasi cha dirisha, na ule mwanya wa kaskazini wauzibe. Matofali 14 yakavunjika katika kazi hiyo. Sikumwuliza mtu.

Fundi aliporudi, alisimama mbele ya ukuta kitambo kirefu. Akaupapasa kwa kiganja. Kisha akakusanya timazi yake, mwiko wake na pima maji yake, akavitia katika kikapu, akaniambia, "Mwalimu, kazi njema." Akaenda zake. Tangu siku ile tukawa twasalimiana mlangoni pa kanisa kama watu wasiojuana. Mimi nami nalijiambia ya kuwa katibu hawezi kumwangukia fundi, na ya kuwa yeye ndiye aliyeiacha kazi ya Mungu. Kwa miezi 15 nikaendelea kujiambia hivyo, na kila Jumapili nikapita mbele ya ukuta ule nikienda kusali.

Hata Desemba 2024 shule zikafungwa. Ulikuwa wakati wa mananasi, malori yakipakia usiku na mchana kwenda Dar es Salaam. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, asomaye chuo huko Dar es Salaam, akaja kukaa kwangu likizo, akaja na kompyuta ya kupakata. Jioni ya kwanza nikasikia kelele za watoto barazani. Nikatoka na uso wa mwalimu. Nikawakuta watoto wapata 10 wameizunguka kompyuta ile, na katika kioo chake mna milima, miti na maji, vyote vimefanywa kwa mapande ya mraba, kama nchi iliyofyatuliwa kwa kibao cha matofali.

Nikasema, "Mchezo huu utakwisha leo."

Kijana akasimama kwa adabu, akanijibu, "Mjomba, shikamoo. Nakuomba uucheze kwanza siku moja, ndipo uukataze. Huku watu hawashindani kwa mbio wala kwa bunduki. Huku watu hujenga."

Neno lile la kujenga likanichoma, maana alilinena pasipo kujua habari zangu. Nikaketi.

Yafaa niwaeleze wasomaji ni mchezo wa namna gani. Mchezaji hutiwa katika nchi kubwa isiyo na watu, naye hana kitu mkononi. Nchi yote ni mapande, kila pande kadiri ya mita 1 upana, urefu na kimo. Pande laweza kung'olewa mahali pake na kuwekwa pengine. Huambiwi ujenge nini, wala hakuna mwisho wa kufikia. Atakaye kujenga kibanda hujenga kibanda, atakaye mnara hujenga mnara, na atakaye kuchimba shimo mchana kutwa, shauri lake.

Michezo ya jamii hii ni mingi. Ulio mashuhuri kupita yote huitwa Minecraft. Ulianzwa na Markus Persson, mtu wa Uswidi. Watu waliupata mara ya kwanza mwaka 2009, nao ukatolewa kamili Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikubali kuinunua Mojang, iliyokuwa na mchezo huo, kwa dola bilioni 2.5, na mwaka 2023 ikatangazwa ya kuwa nakala zaidi ya milioni 300 zimekwisha kuuzwa. Huu aliokuja nao mpwa wangu huitwa Luanti. Ulianzishwa na Perttu Ahola wa Ufini mwaka 2010, na hata mwaka 2024 ulijulikana kwa jina la Minetest. Huu hauuzwi. Mtu huutwaa bure na kuwapa wenzake bure, nao ukisha kuwekwa hauhitaji intaneti. Wenye simu za mkononi waweza kuingia pamoja na mwenye kompyuta katika nchi ile ile moja, vyombo vyao vikiunganishwa kwa mawimbi ya simu tu.

Kesho yake usiku nikawaita wenzangu 2 wanipe shauri kama jambo hili lawafaa watoto: Katekista mwenyewe, na Bibi Mwalimu afundishaye darasa la tatu. Mpwa wangu akampa kila mmoja simu, nami nikashika kompyuta. Tukaingia.

Wasomaji, nimefundisha watoto kusoma miaka 22, nikawa nimesahau jinsi ilivyo kuwa mjinga. Mkono mmoja huendesha miguu, mkono wa pili huendesha macho kwa kipanya cha kompyuta. Nami kila nilipotaka kutazama mbele nalitazama mbingu, na kila nilipotaka kwenda nalitumbukia mtoni. Katekista alizunguka mahali pamoja kama kuku mwenye kizunguzungu. Watoto walicheka hata wakalala chini, nami sikuwa na kiboko wala mamlaka ya kuwanyamazisha, kwa kuwa walikuwa wakicheka haki.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, upige mti kwa mkono." Nikaona ni upuuzi, lakini nikaupiga, nao ukatoa gogo. Gogo likatoa mbao, mbao zikatoa meza ya kuundia vitu, na juu ya meza ile tukaunda sululu ya mti. Kwa sululu ya mti tukachimba mawe, na kwa mawe tukaunda sululu ya mawe iliyo bora. Nikapendezwa, maana ndivyo mambo yalivyo hata huku kwetu: chombo huzaa chombo, wala hakuna arukaye hatua.

Lakini siku ya nchi ile, mchana na usiku pamoja, ni dakika 20 tu. Mara jua likazama. Kijana akatwambia tuchimbe shimo tujifiche, kwa kuwa usiku hutoka maumbo mabaya, mengine mfano wa maiti atembeaye, waitwao mazombi. Katekista akaweka simu chini, akauliza kama haya si mambo ya uchawi. Mpwa wangu akamjibu, "Hapana, Baba Katekista. Ni picha tu, tena mwenye mchezo aweza kuyaondoa yote akitaka. Yamewekwa ili mtu ajue kwa nini nyumba yahitaji mlango." Katekista akafikiri, akasema neno hilo lina maana, akaishika simu tena. Usiku ule wote tukakaa ndani ya shimo la giza, watu wazima 3, tukingojea mapambazuko.

Kulipokucha nikaanza kazi niliyoizoea, yaani kuamuru. "Bibi Mwalimu, leta mawe. Katekista, kata miti. Nyumba itakuwa hapa." Nikasimama katikati nikingoja. Hakuna aliyekuja. Si kwa kunidharau. Bibi Mwalimu alikuwa amekwisha kuona mahali pazuri kando ya maji naye anajenga, na Katekista alikuwa ameona kondoo anamfuata. Katika nchi ile hapana katibu. Hapana daftari la mahudhurio wala muhuri. Mtu hukusaidia akiona ya kuwa shauri lako ni jema, au kwa kuwa akupenda. Nikazunguka peke yangu na amri zangu, hata tukafunga kompyuta tukalala.

Usiku wa tatu, tulipokuwa tumekwisha kuanza, Fundi akapita njiani akitoka shambani. Mpwa wangu, asiyejua lo lote la ugomvi wetu, akamwita kwa furaha, "Fundi, karibu! Njoo uwafundishe wazee hawa, wanajenga nao hawajui kujenga."

Nikainamisha uso. Fundi akasimama penye giza, nje ya mwanga wa taa. Nadhani alitaka kwenda zake. Lakini mtoto aliyemwita ni mgeni, na kumkatalia mgeni ni aibu. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Tukaitika, "Milele, amina." Akakaribia, akaketi penye kompyuta, nami nikahamia kwenye simu ya Katekista.

Mikono yake haikukijua kipanya kuliko yangu. Lakini alipokwisha kujua kwenda mbele na nyuma, akafanya jambo ambalo sisi hatukulifanya kwa siku zote zile: alikwenda kwa miguu pande zote za kiwanja, akihesabu. "Huku 8. Huku 6." Akaweka pande moja katika kila pembe, akarudi katikati, akatazama. Hakujenga kitu mpaka pembe 4 zimekaa sawa. Watoto wakanyamaza wakimtazama. Ndipo akainua ukuta, safu kwa safu, taratibu, kama afanyavyo mchana juani.

Wakati huo mimi nalikuwa karibu na nyumba ya Bibi Mwalimu. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye bustani, lakini mlango wake ulikuwa nyuma, ukitazama mlima. Nikaona si sawa. Mlango wapasa kutazama maji. Nikainua sululu, nikaupiga ukuta wa mbele. Kufumba na kufumbua mapande 2 yakatoka. Nikawa natafuta mlango wa kuweka pale, wala sikuupata upesi, na jua likazama. Zombi akaingia kwa ule mwanya. Bibi Mwalimu alikuwa ndani akipanga vitu vyake sandukuni. Akapigwa, akaanguka, na kila alichokuwa nacho kikatawanyika sakafuni.

Watoto wakapiga kelele. Bibi Mwalimu akacheka, akasema, "Mwalimu, umeniua bure!"

Fundi hakucheka. Aliacha kipanya, akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Hata huku, Mwalimu?"

Sikujibu. Nalihisi joto la uso kama mtu aliyefunua chungu cha moto. Katekista akatazama taa. Mpwa wangu akatutazama mmoja mmoja, akatambua ya kuwa amekanyaga mahali asipopajua, akajishughulisha na waya.

Kwa miezi 15 nalikuwa nikijitetea ya kuwa nalibomoa ukuta kwa bidii ya kazi, kwa upendo wa kigango, kwa ajili ya wageni wa Katekista. Sasa nalikuwa nimebomoa ukuta mwingine ambao haukuwa na kigango wala wageni, na sababu ilikuwa moja tu: nalikuwa nimezoea kuona ya kuwa nionavyo mimi ndivyo ilivyo. Ugonjwa ulikuwa ndani yangu, nao ulinifuata hata katika nchi ya picha.

Mara katika nchi ile mvua ikaanza kunyesha. Fundi akaitazama sana. Kisha akasema, kama mtu asemaye peke yake, "Mvua ya huku yashuka wima. Haina upepo. Ingekuwa hivi Kiwangwa, dirisha ningeliweka po pote."

Nikamwuliza, na swali hili lilipasa kuulizwa Septemba 2023, "Fundi, kwa nini dirisha lile uliliweka kaskazini?"

Akajibu, "Wakati wa masika upepo wa kusi ukianza, mvua ya pale kilimani huja ubavu, kutoka kusini-mashariki. Mwembe ni mmoja, hauzuii. Dirisha kubwa likikaa upande ule, Katekista atakunja mkeka wake kila usiku. Tena ukuta ulioubomoa ndio uliofungana na pembe. Nalikuwa nimezipishanisha safu zishikane. Ukisha kutoa matofali katikati na kuyarudisha mengine pasipo kupishana, umepata ukuta 2 zilizosimama karibu, hukupata ukuta 1."

Nikasema, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ulikuwa hukuniuliza. Na matofali 14 yalikuwa yamekwisha kulala chini. Hapa tofali halina uzito. Ukilivunja, waliokota, walirudisha. Yale yalikuwa mananasi ya watu."

Neno hili lilikuwa kweli. Kila jamaa ya kigango ilitoa matofali 10, na kila mmoja wetu ajua mgongo wa mtu husemaje akisha kubeba mananasi toka shamba hata njiani. Nalivunja sadaka ya watu kama ninavyovunja chaki.

Basi mbele ya Katekista, na Bibi Mwalimu, na watoto, nikamwambia Fundi, "Nalikukosea. Nalikosea kwanza kwa kubomoa, na mara ya pili kwa kunyamaza. Nakuomba unisamehe." Sikuona ya kuwa cheo changu kimeanguka. Naliona tu ya kuwa nimechelewa. Fundi akanyamaza kidogo, akasema, "Na mimi nalikaa na hasira mpaka ikaota mizizi. Katekista ndiye aliyelala nyumba ya kupanga kwa ajili yetu." Akaninyoshea mkono.

Mambo hayakuishia hapo. Na hili lifuatalo ndilo lililonifanya niandike.

Mpwa wangu akatusimulia ya kuwa Umoja wa Mataifa una shirika lake la makazi ya watu, UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi. Mwaka 2012 shirika hilo lilifanya mapatano na kampuni ya Mojang, wakaanza kazi iitwayo Block by Block, nayo ni hii: panapotakiwa kutengenezwa uwanja au mahali pa watu wote, wakaaji wenyewe, hata vijana na wanawake ambao kwa desturi hawaulizwi, huketishwa mbele ya Minecraft, wakajenga kwa mapande yale mahali wapatakavyo, kisha mafundi na wakubwa hutazama, hujadiliana nao, ndipo kazi hufanywa kwa saruji. Mojawapo ya mahali pa kwanza palikuwa Kibera, huko huko Nairobi, na baadaye kazi hiyo ikaenda nchi nyingi za dunia. Maana yake si ugumu kuifahamu. Kosa la tofali lisilo na uzito halimgharimu mtu kitu. Kosa la tofali la saruji hubaki miaka. Basi yafaa kukosea kwanza pale pasipo gharama.

Tukasema, "Nasi tufanye hivyo." Fundi na mpwa wangu wakaijenga nyumba ya Katekista katika nchi ile, pande 1 kwa kila mita 1, kama ilivyo katika karatasi yetu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kompyuta ikawekwa juu ya meza kanisani, watu wakapita kutazama. Wazee wakasifu. Nikadhani kazi imekwisha.

Ndipo mke wa Katekista akaja na mtoto mgongoni. Akatazama kwa muda, akauliza, "Jiko ni hiki kibanda hapa nyuma?" Fundi akajibu, "Ndiyo, mama." Akasema, "Na kusi ukivuma, moshi waenda wapi?"

Tukatazamana, Fundi na mimi. Moshi ungeingia moja kwa moja kwa lile dirisha la kaskazini ambalo tulikuwa tumepatana juu yake kwa furaha nyingi. Maana Fundi alikuwa amefikiri habari za mvua, mimi nalikuwa nimefikiri habari za wageni, na hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza mama atakayepika humo kila siku. Fundi akainama akacheka, akasema, "Mama, nasi twajiita mafundi!" Akamkabidhi kipanya mpwa wangu, wakalihamisha jiko upande wa magharibi. Kazi hiyo ilichukua dakika 5. Kama tungalijenga kwanza, ingalichukua mwaka mwingine na ugomvi mwingine.

Nilinunua matofali 14 kwa fedha ya mananasi yangu mwenyewe, nikayapeleka kwa toroli mchana, watu wakiona. Jumamosi ya kwanza ya Januari 2025 Fundi akafungua kikapu, akatoa timazi. Mimi nalichanganya udongo wa saruji na kumpa ndoo, wala sikutoa amri hata moja, ingawa mara 2 ulimi uliniwasha. Bati lilipigwa kabla ya Pasaka. Mvua za Aprili zilipokuja na upepo wake, nalikwenda usiku mmoja na mwavuli, nikabisha hodi kwa Katekista. Ukuta wa kusini-mashariki ulikuwa ukipigwa na maji kama ngoma. Ndani watoto wamelala mkekani, pakavu.

Sasa wazazi wataniuliza, je, watoto waucheze mchezo huu? Jibu langu ni hili. Mchezo huu una hatari yake, na hatari yake ni tamu: hauna mwisho, na mtoto aliyeanza saa 2 usiku aweza kusikia jogoo akiwa bado anachimba. Kwangu kuna saa, na saa ikigonga chombo hufungwa, kisha ng'ombe na vitabu na sala huja mbele yake. Tena mtoto sharti aambiwe wazi ya kuwa ukuta wa huko hauinuki kwa jasho, na mvua ya huko haina upepo. Akidhani amejua kujenga kwa kuwa amejenga huko, atadanganyika. Lakini mtoto asicheze peke yake. Acheze na wenzake, na mtu mzima akae karibu, si wa kukaripia, bali wa kutazama. Maana pale utamwona yupi anyang'anya, yupi agawa, yupi hubomoa cha mwenzake akisema anatengeneza. Mimi nalimwona mmoja wa namna hiyo, naye ana miaka 51.

Mpwa wangu amekwisha kurudi chuoni, lakini aliniachia nchi ile katika kompyuta ya zamani aliyonipatia. Nyumba ya Bibi Mwalimu ingali pale kando ya maji. Nilimwuliza kama niuzibe ule mwanya niliouvunja. Akafikiri, akanijibu, "Weka mlango, Mwalimu. Kwa kweli maji yaonekana vizuri kutoka upande huo."

Nikauweka, baada ya kuulizana naye uwe wa mti gani.